Konseto ya Nyumbani kwa Nusu

Benchi letu limeegemea ukuta wa Waya, fundi wa redio, ambaye duka lake limejaa televisheni zilizokufa hadi mteja lazima aingie kwa ubavu. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, nao tumeuwekea kipande cha soli chini. Soli niliitoa mimi, kwa kuwa mimi ni fundi viatu na hapa wananiita Gundi. Upande wa pili wa mlango hukaa Mama Birika na jiko lake la mkaa, anatuuzia kahawa na kutukatiza maneno. Yule anayepunga mikono akizungumza ni King'ora, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa. Yule asiyemwamini mtu ni Bima. Aliuza bima ujana wake wote, akatoka huko akiamini kwamba kila ajali imepangwa na mtu. Mwenzetu mwingine aliitwa Nusu, maana kila alipomiminiwa kahawa alisema, "Nusu tu, mama," kisha akazinywa hizo nusu mpaka birika lilie. Mchana ninaotaka kuusimulia Nusu hakuwepo. Kiharusi kilikuwa kimempiga, mkono na mguu wa kulia vimelala, na ulimi wake umekuwa mzito kiasi kwamba hata jina la binti yake halikutoka.

Tulikuwa tunabishana kuhusu bei ya mkaa, binti wa Nusu akatokea. Amebeba gramafoni imefungwa kwa shuka, kwapani kabana santuri kwenye jalada lake. Akaitua mashine kwenye benchi kati yangu na King'ora kama mtu anayerudisha nyama iliyooza buchani.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama. Mzee anaendeleaje?

— Analia.

Mama Birika akaacha kupepea mkaa.

— Analia nini?

— Mjomba Waya, juzi si nilikuletea hii mashine haizunguki? Ukaitengeneza, nikashukuru. Nikaenda nikamwekea santuri yake. Ndiyo kitu pekee alichokuwa akikielekezea kidole tangu aumwe. Akafunga macho, anangoja. Basi ilipoanza tu, akafumbua macho akanitazama kama nimemwingizia mtu asiyemjua chumbani. Halafu akaanza kulia. Akaziba sikio. Moja. La pili hana mkono wa kulizibia.

Akakaa pembeni ya benchi, akajifuta na ncha ya shuka.

— Nauliza kwa heshima tu. Kuna mtu kabadilisha santuri?

Waya alitoka dukani na bisibisi nyuma ya sikio, uso umemshuka.

— Mwanangu, santuri hukuniletea. Uliniletea mashine peke yake. Mkanda wa ndani ulikuwa umekatika, nikaweka mpya. Nikafuta vumbi. Basi.

— Hapo hapo pa kuanzia, akasema Bima. Nani mwingine aliingia chumbani?

— Bima, niache, akasema Waya.

— Nauliza tu. Mgonjwa amelala, hawezi kusema, kitu cha thamani kinabadilika sauti. Mimi nimeyaona haya. Kuna mtu aliunguliwa na duka, kumbe…

— Bima!

— Haya. Nanyamaza. Lakini nimeuliza.

Waya akavuta waya wa umeme kutoka ndani, akaichomeka mashine pale pale kwenye benchi. Binti akaiweka santuri, akashusha sindano. Kwanza wakaingia wengi, fidla na jamaa zake, wanakwenda kwa furaha kama watu wanaoteremka ngazi wamevaa viatu vipya. Kisha wengi wakapungua, akabaki mmoja. Sauti yake si nyembamba kama ya fidla. Ni nene kidogo, ya mtu aliyelia asubuhi, akanawa uso, na sasa anakuhadithia jambo jingine kabisa.

— Hiyo ndiyo viola, binti akasema.

— Mbona nzuri? akauliza Mama Birika. Hii ya harusi hii. Mimi ningeipigia vigelegele.

— Ndilo tatizo lenyewe. Kwetu haikuwa ya harusi.

King'ora alikuwa amelichukua jalada, kalisogeza mbali na macho.

— Imeandikwa hapa. Konseto ya viola na okestra. Ufunguo wa Re meja.

— Ufunguo? akadakia Bima. Kwani imefungwa?

— Si ufunguo wa mlango, mjomba, binti akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. Ni pale wimbo unapokaa. Noti yake ya nyumbani. Unaondoka, unazunguka, mwisho unarudi pale. Mama alikuwa akinieleza hivyo.

— Na meja?

— Meja ni uso mkunjufu. Nyingine inaitwa maina, hiyo uso wake umeinama.

— Basi imeandikwa mkunjufu, na inapigwa mkunjufu. Nani kaiba nini?

— Sijui, mjomba. Ninachojua, wimbo tulioishi nao ulikuwa umeinama.

Hapo kijiwe kikafunguka. Mnawajua tena watu wetu: jambo wasilolijua ndilo wanalolizungumza kwa ufasaha.

— Kiwanda, akasema Bima. Kiwanda kilitoa mbili. Ya furaha kwa wenye nazo, ya huzuni kwa sisi. Yenu imekwenda, imeletwa ya wenye nazo.

— Wewe ulishaona mtu anaiba kitu cha maskini anamwachia cha tajiri?

— Ndiyo ujanja wenyewe huo!

— Acheni upuuzi, akasema King'ora, mikono juu. Sikilizeni mtu aliyefanya kazi na sauti. Gari la wagonjwa likija kwako, king'ora kinalia juu. Likikupita, kinashuka. Wiiii, halafu wooo. King'ora ni kile kile, hakijaguswa. Gari tu linakwenda zake. Sasa huyu mzee alikuwa akiusikia muziki umeshampita. Unamwacha. Leo mmeugeuza unamjia. Mtu wa hali ile, kitu kinamjia kwa kasi, hataogopa?

Tukatafakari. King'ora akisema jambo la kijinga hulisema vizuri mno.

— Mimi nasema ni marehemu, akasema Mama Birika kwa sauti ya chini. Vitu vya marehemu si vya kufuta vumbi. Vumbi lile lilikuwa la kwake. Umelifuta, mashine imesahau.

— Mama Birika, mota haina kumbukumbu, akasema Waya.

— Wewe umeiuliza?

Waya alikuwa amekodoa macho kwenye sahani inayozunguka. Akainama, akaweka kidole ukingoni, taratibu, kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Muziki ukashuka. Wale waliokuwa wanateremka ngazi na viatu vipya wakaanza kuteremka wamebeba kitu. Sauti ya viola ikawa nzito, ikawa na kifua.

Binti akamdaka mkono.

— Hapo! Hapo karibu na hapo! Usitoe!

— Kumbe, akasema Waya. Mkanda wa zamani ulikuwa umelegea. Umelegea miaka. Sahani ilikuwa inazunguka polepole, na ikizunguka polepole sauti inashuka nayo. Mimi nimeweka mkanda mpya, mashine imerudi kwenye kasi yake ya kuzaliwa.

— Yaani umeiponya, akasema Bima.

— Nimeiponya.

— Na ndiyo kosa.

Kidole cha fundi kilianza kuchoka, muziki nao ukawa unapanda na kushuka kama mtu anayelia akijizuia. Binti akainua sindano. Tukabaki na kelele za barabara.

Ndipo akatueleza. Sisi tuliokaa na Nusu miaka yote hiyo hatukuwa tunajua, maana Nusu alikuja kijiweni kusikiliza habari za watu, si kutoa zake. Tulijua tu kwamba alifanya kazi ya kukata tiketi mlangoni kwenye ukumbi wa muziki, na kwamba mkewe alifariki. Hatukujua kwamba mkewe alikuwa ndani ya ukumbi ule ule, jukwaani, kwenye okestra.

— Mama alikaa kiti cha nyuma, akasema binti. Wapiga viola wanakaa katikati, hawaonekani, halafu yeye nyuma yao. Watu walikuwa wanamwuliza, kwani siku ile ulikuwepo? Hamu yake ilikuwa moja. Asimame mbele siku moja, apige konseto hii, okestra nzima imfuate yeye. Akainunua santuri. Kila alasiri anaiwasha, anasimama pale karibu na dirisha, anapiga pamoja nayo. Mashine ilipoanza kulegea aliona. Mama alikuwa na masikio! Akasema, hii mashine imechoka, imeshuka. Lakini hakuitengeneza. Akazilegeza nyuzi za viola yake mpaka zikakubaliana na mashine, akaendelea. Kila ikishuka, naye anashuka.

— Kwa nini asilete kwangu? akauliza Waya, na ilikuwa kama ameumia.

— Alisema kasi hiyo inampa nafasi ya kuwaza.

— Na mzee?

— Baba anamgeuzia kurasa. Akitoka kazini havui hata viatu, anasimama ubavuni mwake. Muziki hausomi, noti zote anaona inzi. Mama akifika chini ya ukurasa anamwashiria kwa kidevu, naye anageuza. Miaka, baba zangu. Mwishoni mama hakuhitaji tena kumwashiria.

— Sasa, ile siku ya kusimama mbele…

— Walimwahidi. Mara mbili walimwahidi. Ya kwanza akapewa mtu mwingine. Ya pili ikamkuta anaumwa. Alikuwa anafanya mazoezi amekaa, halafu akiwa kitandani, upinde unagonga ukuta. Akafariki. Basi baba akawa anaiwasha mwenyewe alasiri. Anasimama pale pale, mikono nyuma.

Mama Birika alikuwa amefunika uso kwa ukingo wa nguo.

— Mimi nilihama nyumba ile kwa sababu ya santuri hii, binti akasema. Niliona nikibaki nitazama. Nilidhani ndivyo wimbo ulivyoandikwa, na baba kauchagua kwa sababu unalia. Kumbe umeandikwa mkunjufu. Sisi ndio tuliuinamisha.

King'ora akalirudisha jalada mapajani mwa binti.

Waya ndiye aliyeamka kwanza. Alikimbilia ndani kwenye pipa la takataka, Bima akamfuata, wakapekua pamoja hadi wakautoa ule mkanda wa zamani. Ulikuwa umenyooka kama ubani uliotafunwa, umekatika sehemu mbili, na unanata vidoleni. Nilijitolea kuuunganisha kwa gundi yangu ya viatu. Waya akanitazama kwa huruma.

— Haufai. Lakini mota ina skrubu kwa chini, ya kuongeza na kupunguza kasi. Naweza kuishusha. Tatizo ni moja: niishushe mpaka wapi?

— Kidogo, akasema Bima.

— Kidogo ya nani?

— Ishushe mpaka usikie kifua kinabana, akasema King'ora.

— Changu kinabana kwa moshi wa huyu mama kila siku.

— Binti si anakumbuka?

— Nakumbuka hisia, mjomba. Kasi yenyewe siikumbuki. Ukinishushia kidogo nitasema ndiyo, ukinishushia zaidi nitasema ndiyo.

Wakaanza kugombania upana wa unywele kwenye skrubu kama wanagawana urithi. Mama Birika akasimama, akamwagia maji mkaa wake. Ukafoka moshi, tukanyamaza sote, maana hatukuwahi kumwona akizima jiko jua likiwa bado juu.

— Mnabishana nini na mwenyewe yupo hai? akasema. Twendeni tukamwulize.

Nyumba ya Nusu ni vyumba viwili juu ya duka la vioo. Ngazi ni nyembamba. Waya alipanda kinyumenyume ameshika mashine, Bima chini yake akimwambia akiiangusha hakuna wa kulipa. Chumbani palinukia dawa ya kuchua na sabuni. Kitanda kilikuwa kimesogezwa dirishani. Juu ya kabati, sanduku la viola, limefutwa vumbi. Na pale kati ya kitanda na dirisha, kisimamio cha chuma cha kuwekea karatasi za muziki, karatasi bado zipo, zimekuwa za manjano, zimefunguka katikati.

Nusu alituona. Upande mmoja wa uso ukajaribu kutabasamu, wa pili ukabaki ulipokuwa. Alikuwa ameteleza chini ya mto, shingo imejikunja. King'ora hakuuliza mtu. Akavua kofia, akapitisha mikono chini ya makwapa ya mzee, akasema, "Nakuinua, rafiki yangu, usinisaidie," akampandisha kwa mkupuo mmoja, laini, akamwekea mto nyuma ya mgongo. Ilikuwa kazi ya mtu aliyeinua maelfu. Kisha akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta ameshika ukuta wa ngazi.

— Wote niliowabeba sikuwa nawajua, Gundi, akasema. Wote. Ngoja nipumue, nakuja.

Tuliporudi Waya alikuwa amepiga magoti, mashine imepandishwa juu ya vitabu viwili ili mkono wake upite chini na bisibisi. Binti amekaa kitandani.

— Baba, akasema, tumeharibu kasi. Wazee wamekuja kuirudisha. Ikifika tuambie. Vyovyote utakavyoweza.

Akashusha sindano. Ikaanza ile ya harusi. Nusu akafumba macho, akageuza kichwa ukutani. Waya akapunguza. Muziki ukashuka ngazi moja. Mzee bado ukutani. Akapunguza tena. Akapunguza sana, mkono uliteleza, viola ikanguruma kama ng'ombe aliyenaswa, na kooni kwa Nusu kukatoka sauti ambayo kwa mtu mwenye afya ingekuwa kicheko. Binti akacheka naye. Bima akacheka, akajiziba mdomo.

— Samahani, mzee, akasema Waya. Nimepita stendi. Narudi.

Akapandisha, unywele kwa unywele. Ulimi wake ulikuwa umetoka nje kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Okestra ikapungua, viola ikabaki peke yake. Mimi sina elimu ya muziki. Lakini nilisikia wakati ule kwamba haikuwa wimbo wa furaha uliopunguzwa kasi, wala wimbo wa huzuni. Ilikuwa sauti ya mtu anayewaza. Anasema neno, analiangalia, anasema jingine.

Nusu aligeuza kichwa kutoka ukutani. Hakututazama sisi. Alitazama kile kisimamio.

— Simama hapo, binti akanong'ona. Mjomba, usiguse tena.

Tukasimama kama tumepigwa picha. Viola ikapanda, ikateremka, ikavuta noti ndefu. Basi mkono wa kushoto wa Nusu ukanyanyuka juu ya blanketi. Ulinyanyuka polepole, vidole viwili vimebanana, ukaenda hewani kutoka kulia kwenda kushoto, ukatua.

— Ana maumivu? akauliza Mama Birika.

— Hapana, akasema binti. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hayafuti. Anageuza ukurasa.

Tukasubiri. Muziki ukaenda. Muda si mrefu mkono ukanyanyuka tena, vidole viwili, kulia kwenda kushoto. Macho yake yalikuwa kwenye pembe ya dirisha, juu kidogo ya kisimamio, pale ambapo kidevu cha mwanamke aliyesimama kingekuwa. Alikuwa mtu wa kazini kabisa. Sijawahi kumwona Nusu mzima kama alivyokuwa mzima alasiri ile.

Ilikuja sehemu ya polepole, ile ya katikati ambayo hata kwenye jalada wameandika polepole, na kwa kasi ya nyumba ile ilikuwa nusura isimame. Bima alijificha nyuma ya pazia. Unaona miguu yake tu, na pazia linatikisika.

Upande wa santuri ukaisha. Mkono wa Nusu ulikuwa hewani, umebeba ukurasa, haujui pa kuuweka. Binti akaushika, akaushusha.

— Ndiyo hiyo, baba?

Midomo yake ikahangaika. Kikatoka kitu kama pumzi, chenye "n" ndani yake. Kilitosha.

Waya aliomba rangi ya kucha. Binti akatoa kichupa chekundu kwenye mkoba, naye akadondosha tone moja juu ya skrubu, likaganda, ili isije ikalegea yenyewe. Alivyopuliza lile tone likauke, ungedhani anapuliza jicho la mtoto lililoingia mchanga.

Nusu aliishi mvua zote za msimu ule. Kila alasiri ilipofika wakati wake, Waya alikuwa anazima redio zote dukani. Kutoka benchini huwezi kusikia chochote cha nyumba ile, iko mbali, kuna barabara kati. Tulikuwa tunakaa tu. Binti alirudi kuishi na baba yake. Alituambia kwamba siku nyingine mzee anageuza kurasa zote bila kukosea, siku nyingine analala kabla ya katikati na yeye ndiye anamgeuzia.

Siku aliyokuja kutuambia alikuja mikono mitupu, amevaa viatu vya baba yake. Nilitambua kazi yangu.

— Ilikuwa inapiga, akasema. Nilikuwa jikoni namchujia uji. Ikafika mwisho wa upande. Sindano ikawa inakwaruza, kwaru, kwaru. Yeye hugonga kitanda ili nije niigeuze. Nikangoja agonge. Nikaendelea kuchuja uji. Nikangoja.

Mama Birika akamkalisha, akamkumbatia, hatukuona uso wa yeyote kati yao kwa muda mrefu.

Tulimzika. King'ora alikataa gari ambalo hakumjua dereva wake. Aliendesha mwenyewe, polepole mno, magari nyuma yakapiga honi njia nzima, naye hakuongeza mwendo hata kidogo.

Baada ya matanga binti akaja na gramafoni. Akaiweka pale pale benchini.

— Mjomba Waya, nina ombi. Rangi ile unaweza kuikwangua?

— Unataka nini, mwanangu?

— Nataka kuisikia kwa kasi ya jalada. Mara moja tu. Baba aliijua ya nyumbani, na mimi ninayo, haitanitoka. Lakini siku ile mama angesimama mbele, okestra isingemfuata kwenye mashine yetu iliyochoka. Angepiga hii yenye uso mkunjufu. Nataka kusikia angepiga nini.

Waya akakwangua lile tone kwa ncha ya wembe, akaipandisha skrubu, akatumia kifaa chake cha kupimia mpaka akaridhika. Sindano ikashuka. Wakaingia wengi kwa furaha, wakashuka ngazi zao. Kisha wakampisha mmoja.

Mwanzo ule Mama Birika alisema ya harusi, na ya harusi ilikuwa. Hakuna kilichoinama. Viola ilikwenda mbele imenyoosha shingo, wengine wote wanaifuata, wanaikubalia, wanaipa nafasi, inarudi tena. Binti alikuwa amekaa mgongo wima, mikono mapajani, kama mtu aliyekata tiketi. Nilikuwa nimejiandaa kwa huzuni. Kwa furaha ile sikuwa nimejiandaa, nikajikuta nimeinama chini kutafuta msumari ambao haukuanguka. Bima alilia waziwazi, wala hakumshuku mtu.

Ilipokwisha, binti akainua sindano.

— Angeiweza, akasema. Hii angeiweza kabisa.

— Sasa nirudishe? akauliza Waya. Ya nyumbani?

— Sijui, mjomba. Acha kwanza nifikiri.

King'ora akalichukua tena jalada, akalisogeza mbali na macho. Mama Birika akapepea mkaa usiohitaji kupepewa. Tulikuwa katika hali hiyo, kila mtu na lake, akafika mwanamume mmoja tusiyemjua, redio ya plastiki kwapani, shati limeloa jasho mgongoni. Akatusalimu vizuri. Waya akamwambia asubiri kidogo, atamhudumia. Mtu yule akatafuta kwa macho pa kukaa. Benchi letu lina nafasi kati ya Bima na mlango, pale alipokuwa akikaa Nusu. Akaisogelea, akaweka mkono juu ya ubao, akauliza kwa adabu, kama yeyote angeuliza:

— Samahani, hapa pana mtu?

Bima, ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa jibu, akamtazama King'ora. King'ora akanitazama mimi. Mimi nikamtazama binti, naye alikuwa anatazama ule ubao. Mgeni akasimama na redio yake kwapani, anangoja, anatuzungushia macho mmoja mmoja.